Chenye Pazia Hakiguswi

Mama Mapazia hakuwa mtu wa pombe. Hata dawa ya kikohozi ilimpanda kichwani. Kijiko kimoja tu, naye angeanza kumweleza mteja asiyemjua kwa nini aliachana na mume wake wa kwanza, na wa pili pia. Kwa hiyo mtu aliyeingia sebuleni kwake kwa mara ya kwanza, akaona rafu ndefu ukutani imejaa chupa za wiski, alikuwa na haki ya kupigwa na butwaa. Na butwaa lenyewe halikuishia hapo, maana kila chupa ilikuwa na pazia lake.

Mapazia kweli, yenye pindo na marinda, yaliyoning'inia kwenye vifimbo vya shaba vyembamba kama penseli, na uzi wa kuvutia pembeni. Mwanga ni adui wa wiski, alieleza kwa sauti ya chini ya mtu aliye karibu na mtoto aliyelala. Jua likiipiga siku nyingi, rangi hupauka na ladha huondoka. Ladha gani, hakujua. Lakini jua alilijua vizuri. Maisha yake yote ya kazi alikuwa akipigana nalo kwenye madirisha ya watu.

Mambo yalianza kwenye mnada wa hoteli iliyofungwa. Alikwenda kununua mapazia ya zamani, akarudi na robota zima, na alipolifungua sakafuni akakuta katikati ya mahameli boksi la mbao, na ndani ya boksi chupa. Aliisoma lebo yake yote, kama anavyosoma kila kitu chenye maandishi, hata pakiti za chumvi. Wiski ya shayiri tupu ya kiwanda kimoja, toleo la chupa chache, kila chupa na namba yake iliyoandikwa kwa mkono. Miaka mingi ilikuwa imelala kwenye pipa la mwaloni.

"Yaani watu wamekaa na kitu hiki muda wote huo hawajakigusa," alimwambia mdogo wake. "Mimi wateja wangu hawawezi kusubiri hata pindo lipoe baada ya pasi."

Huyo mdogo wake wa kike alikuwa mpishi mstaafu wa hospitali, aliyehamia kwake na sufuria mbili na goti bovu. Alikuwa amepikia wagonjwa muda mrefu kiasi kwamba alijihesabu kuwa nusu daktari, na tiba yake ilikuwa moja: kusugua. Kichwa kikiuma, alisugua. Tumbo likijaa, alisugua. Mteja mmoja alipolalamika kwamba pazia limekunjamana, ilibidi azuiwe. Na tangu chupa ya kwanza iingie nyumbani, alikuwa akiililia kwa ajili ya goti lake.

"Dada, tone moja tu. Goti linanikata."

"Ina pazia?"

"Ina pazia."

"Basi."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba. Chenye pazia hakiguswi. Mdogo mtu alinung'unika, akaiita sheria ya watu wenye mkono wa birika, lakini aliifuata kikamilifu, kama alivyofuata zamani ubao wa jikoni uliosema nani hatakiwi kupewa chumvi.

Sasa, kati ya chupa zote, kulikuwa na tatu zilizokaa peke yao katikati ya rafu, kwenye mapazia ya hariri. Zilitoka kiwanda kimoja ambacho kabla ya kufungwa milango kilitoa chupa nne za kuaga, moja kwa kila majira ya mwaka wa huko kwao. Mama Mapazia alikuwa na Baridi, alikuwa na Machipuko, alikuwa na ile ya majani kuanguka. Kiangazi hakuwa nacho. Kati ya Machipuko na Majani aliacha nafasi tupu, na kila alipopita na kikombe cha chai aliitazama nafasi ile kama mtu anavyopitisha ulimi mahali palipong'oka jino.

Na tukizungumzia meno, adui yake alikuwa daktari wa meno.

Daktari huyu, mjane mnene mwenye kliniki juu ya duka la rangi, alihudhuria minada ile ile na kutaka chupa zile zile. Hilo Mama Mapazia angelisamehe. Asichoweza kusamehe ni kwamba daktari alizinywa. Alimshuhudia kwa macho yake, kwenye ngazi za ukumbi wa mnada, akivunja lakiri ya chupa aliyoinunua muda mfupi uliopita, akatoa kiglasi mfukoni mwa koti, akajimiminia, akafumba macho na kusema, "Aaa." Mama Mapazia alilazimika kuketi.

"Mama, karibu kidogo," daktari akamwambia, akimnyooshea kiglasi.

"Daktari, una roho ngumu," akamjibu, akaondoka.

Kwa hiyo habari ilipokuja kwamba Kiangazi kitanadiwa, hapakuwa na haja ya mtu kumweleza hali ilivyo. Kiwanda kilikwisha kufungwa, nyingine haitatengenezwa. Akiipata yeye, majira yatatimia na mwaka wake utazunguka. Akiipata daktari, kabla ya wiki kwisha itakuwa imekojolewa.

"Usiseme hivyo mbele za watu," mdogo wake alimwambia.

"Sasa inaenda wapi nyingine? Wewe si nusu daktari?"

Ukumbi wa mnada ulikuwa zamani karakana ya mabasi, na sakafu bado ilikuwa na madoa ya oili. Dalali alikuwa mtu mwembamba mwenye sweta la kufuma, mwenye kuongea polepole sana, na kati ya bei na bei alikunywa funda la maji ya uvuguvugu. Alinadi kwa mtindo aliourithi kwa baba yake. Marehemu baba alikuwa hasikii vizuri, kwa hiyo aliona ni heri kunadi kwa macho: anayetaka kitu huinua mkono, na hushusha pale tu bei inapomshinda. Dalali hupandisha bei, mikono hupungua, na mkono wa mwisho kubaki juu ndio unaochukua mali. Kiwiko lazima kipite bega. Hakuna kuegemea ukuta. Hakuna kushikiza mkono kwa mkono wa pili.

Wageni walicheka waliposikia sheria hizo. Wenyeji hawakucheka, maana walijua kwamba kwa dalali yule, na kwa maji yale, kitu chenye watu wawili wabishi kinaweza kuchukua muda wa kuchemsha maharage.

Hapo ndipo Mama Mapazia alipoona ushindi wake. Fundi mapazia hufanya kazi mikono ikiwa juu. Daktari wa meno hufanya kazi mikono ikiwa chini, mbele ya kifua, mtu amelala.

"Nitamshinda kwa bega," alimwambia mdogo wake. "Nina mabega ya ngazini mimi."

Na ili asijiamini kupita kiasi, siku ya kuamkia mnada alikubali kazi ya ukumbi wa mikutano, wenye madirisha ya kutoka sakafuni hadi darini. Kutwa nzima alikuwa juu ya ngazi akipachika pete kwenye reli. Aliita mazoezi. Usiku alilala vizuri. Asubuhi bega la kulia lilitoa sauti ya mlango wa stoo, lakini hakulitilia maanani.

Waliketi safu ya mbele. Mdogo mtu alikuwa amepewa kazi ya kumfinya dada yake bei ikifika mahali walipokubaliana. Daktari aliketi ng'ambo, akawasalimu kwa kuinamisha kichwa.

"Waheshimiwa," alisema dalali, akameza maji, "Kiangazi."

Mikono ikapanda kama ya darasa lenye watoto wenye akili. Bei ikasogea, mikono ikashuka. Ikasogea tena, dalali akanywa, mikono ikashuka zaidi. Punde ikabaki miwili: mmoja mwembamba na mkavu kama fimbo ya pazia, na mwingine mnene wenye saa ya dhahabu.

"Naendelea," alisema dalali, na akaendelea kwa mwendo wa mtu anayevuka mtaro.

Daktari alianza kubadilika rangi. Vidole vyake vilianza kutetemeka, kisha kiganja, kisha saa ikaanza kulia kwenye mkono wake kama kengele ya mbuzi. Alijaribu kuupumzisha mkono kichwani.

"Daktari, kiwiko," dalali alimwonya.

"Kiwiko kimepita bega."

"Kimepita, lakini kimelala. Hatunadi na waliolala."

Watu wakacheka. Mama Mapazia hakucheka. Alikuwa ametulia na macho mbele, kama mtu anayesubiri gundi ikauke. Mdogo wake alikwisha kukunja vidole tayari kwa kufinya, maana ile bei ya mwisho ilikuwa hatua moja tu mbele. Dalali akainua glasi. Akanywa. Akafuta mdomo. Na katika ule muda wa kufuta mdomo, mkono wa daktari ukaanguka kwenye paja lake kwa kishindo, bila hata kumuuliza mwenyewe.

Nyundo ikagonga. Mama Mapazia akavuta pumzi, akamgeukia mdogo wake na machozi ya furaha, akataka kumkumbatia. Mkono mmoja ukakumbatia. Wa pili ukabaki juu.

"Shusha basi, dada. Kimeshakuwa chako."

"Naushusha."

"Mbona sioni?"

"Nauambia ushuke. Hausikii."

Bega lilikuwa limekwama. Mdogo mtu aliushika mkono akauvuta, akauning'inia kidogo, haukwenda. Huku nyuma dalali, mtu asiyesubiri mtu ingawa hakuwa na haraka, alikuwa amehamia kwenye mali inayofuata. Ilikuwa mbuzi wa plasta mwenye ukubwa wa mbuzi, aliyewahi kupamba mlango wa baa.

"Mkono mmoja," alisema dalali. "Kuna mwingine? Hakuna mwingine." Akagonga.

"Mzee, huyu ni mgonjwa," mdogo mtu akasema.

"Poleni. Lakini mkono ulio juu ni mkono ulio juu. Baba angesema hivyo hivyo."

Ilibidi mdogo mtu amtoe dada yake nje mbiombio kabla hajanunua birika la fedha na viti sita.

Nje ya ukumbi wakafanya tathmini. Walikuwa na chupa moja, mbuzi mmoja, na mkono mmoja ulioelekea mawinguni. Nauli ilikuwa imeishia kwa mbuzi. Daktari aliwakuta hapo, akiwa anakanda bega lake mwenyewe. Aliwatazama wote watatu, kwa maana alimhesabu na mbuzi, akashusha pumzi.

"Gari langu lina dirisha la juu," akasema. "Twendeni."

Hivyo Mama Mapazia alirudishwa nyumbani na adui yake, mkono ukitokeza kwenye paa la gari, Kiangazi kimekumbatiwa kwa mkono uliobaki, na nyuma mdogo wake akimshikilia mbuzi pembe asigonge kioo. Barabarani watu waliuitikia mkono. Wengine walipunga. Kwenye taa nyekundu kijana mmoja aliinama dirishani akauliza mama anagombea nafasi gani.

"Udiwani," mdogo mtu akajibu.

"Na mbuzi?"

"Mgombea mwenza."

"Bora huyo, hataahidi barabara," alisema kijana, na taa ikawaka kijani.

Daktari aliwaingiza mpaka sebuleni, akawabebea na mbuzi. Kwa mara ya kwanza aliiona ile rafu. Alisimama mbele ya mapazia yale madogo kwa muda, akavuta uzi mmoja taratibu, pazia likafunguka, akachungulia, akalifunga. Hakutoa mzaha wowote. Kisha akaligusa bega la Mama Mapazia kwa vidole viwili.

"Taya za wagonjwa wangu hukwama hivi hivi, wanapoachama muda mrefu," akasema. "Misuli imekasirika. Inataka joto, na kusuguliwa na kitu chenye moto moto. Nina dawa ya kupaka kliniki. Nakwenda kuileta, asisogee."

"Aende wapi na hali hii?" mdogo mtu akasema. "Kuingia tu mlangoni tumemwinamisha."

Daktari akaondoka. Mama Mapazia aliketishwa kwenye kiti cha kushonea, mkono ukiwa umeegeshwa kwenye kamba ya nguo iliyopita dirishani. Kiangazi kilisimama mezani mbele yake, kwenye mwanga wa alasiri. Pazia lake hakuwa amelishona bado. Aliona ni kutangulia mambo kushona kabla ya kushinda, na sasa kwa mkono ule asingeweza hata kutunga uzi. Alikitazama Kiangazi, na Kiangazi kikang'aa kama asali. Furaha na uchovu vikamzidi, kichwa kikalala begani, bega la kushoto maana kulia hapakuwa na nafasi, akapitiwa na usingizi.

Kilichomwamsha ni harufu. Ilikuwa ngeni kabisa. Ndani yake alisikia moshi, na tunda lililoiva kupita kiasi, na kitu kingine alichokifahamu ila hakukipatia jina. Tena alihisi joto likimshuka kutoka shingoni hadi kwenye mbavu. Mkono ukalegea, ukatoka kwenye kamba, ukashuka polepole mpaka magotini, kama pazia la jukwaani.

"Nilikwambia," alisema mdogo wake nyuma yake, akisugua kwa mikono yote miwili. "Kusugua ndiyo dawa. Huyu daktari angetuchelewesha bure."

Mama Mapazia alifungua na kufumba vidole. Akatabasamu. Kisha akatazama mezani.

"Mdogo wangu."

"Naam, dada."

"Unanisugua na nini?"

"Na hii hapa." Akainua Kiangazi. Lakiri ilikuwa vipande vipande kwenye sosa, na chupa imepungua mpaka chini ya shingo na zaidi. Na kwenye goti lake mwenyewe, chini ya gauni alilolipandisha, kulikuwa na kitambaa kilicholowa chapachapa.

Mama Mapazia akaitazama chupa, kisha goti, kisha chupa tena. Hata mbuzi alionekana kujishughulisha na mambo mengine.

"Nilitafuta kote," mdogo mtu akaanza, sauti ikipungua kadiri alivyouona uso wa dada yake. "Zote zina mapazia. Hii peke yake haina. Nikajua hii ndiyo ya matumizi."

"Uliniona naipigania. Ulikuwa umekaa nami."

"Nilikuwa natazama bei, dada. Ulinipa kazi ya bei. Chupa sikuitazama hata mara moja. Na ndani ya gari mimi nilikuwa na mbuzi."

Mama Mapazia alitaka kumpa za uso, lakini haki haikuwa upande wake. Sheria ilikuwa yake. Aliitunga mwenyewe, akaisimamia mwenyewe, na mdogo wake alikuwa raia mwema.

Daktari alirudi na mrija wa dawa mkononi. Alifika kizingitini akasimama, pua ikitangulia ndani.

"Mmefungua Kiangazi," akasema polepole, kwa sauti ya mtu anayeingia mahali pa ibada.

"Kimefunguliwa," Mama Mapazia akasema. "Mimi nimepakwa. Yeye kapaka goti."

Daktari aliketi kando ya mbuzi. Akaomba tu kama angeweza kunusa kile kitambaa cha goti. Mdogo mtu akampa. Akanusa, akafumba macho.

"Goti linaendeleaje?" akauliza.

"Halijawahi kuwa zuri hivi."

"Naamini."

"Daktari," Mama Mapazia akamkatiza, "nikirudisha kizibo nikakaza, nikaweka lakiri mpya, haitakaa?"

Daktari alimtazama, na kwa mara ya kwanza hakuwa na macho ya mtu wa mnada. "Itakaa kidogo. Lakini hewa imeingia, mama, na chupa imepungua. Kila siku itakufa kiasi. Mwisho utakuwa na maji ya rangi."

Mama Mapazia aliinua uso. Aliitazama nafasi ile rafuni, kati ya Machipuko na Majani. Mwaka wake ulikuwa umetimia kwa muda wa usingizi mmoja wa alasiri, na yeye mwenyewe hakuwa macho kuuona. Machozi yalimjaa, yakakosa pa kwenda, yakarudi. Halafu akanyoosha mkono wa kulia, ambao ulikwenda vizuri kabisa bila kelele, akaleta vikombe vitatu vitupu vya chai.

"Kidogo sana," akasema. "Nikianza kuwasimulia habari za ndoa zangu, niondoleeni kikombe."

Akanywa. Alikunja uso, akakohoa, akapiga meza, akangoja. Wenzake wakangoja naye.

"Pasi," akasema hatimaye.

"Samahani?"

"Pazia la pamba, umelipiga pasi, simu ikaita, ukarudi ukakuta linaanza kuungua. Lakini hujachelewa. Ndiyo harufu yenyewe. Nilikuwa naijua, nilisahau jina lake."

Daktari alionja chake, akakizungusha mdomoni huku akiitazama dari. "Harufu hii ya wiski miaka yote nasema ni mkate uliookwa," akasema. "Kumbe ni pamba. Ni pamba kabisa."

"Mimi naona ni dawa ya goti," mdogo mtu akasema, akajiongezea.

Hawakukimaliza siku hiyo. Wiki iliyofuata daktari alipopita kuulizia bega, alikuta Kiangazi kimepandishwa rafuni mahali pake, na mbele yake limening'inia pazia jipya. Halikuwa la hariri kama yale ya wenzake. Lilikuwa neti nyeupe, nyepesi, na mwanga ulipita ndani yake ukaangukia wiski iliyobaki. Mbuzi naye alikuwa pembeni na pazia zito la mahameli kutoka pembe hadi kwato, kwa sababu wateja walikuwa wakimpapasa.

Daktari alikuwa na kiglasi mfukoni, lakini alisita.

"Kina pazia," akasema.

"Hiyo ni neti," mdogo mtu akasema haraka. "Neti si pazia. Dada, mwambie."

"Neti ni pazia," daktari akabisha kwa masikitiko. "Inaning'inia kwenye fimbo. Ina pindo. Siwezi kujidanganya."

Wote wawili wakamgeukia fundi. Mama Mapazia alitoa pini mdomoni, akazichoma kwenye kitambaa moja moja, akafikiri kama mtu anayetaka kuwa mwadilifu katika fani yake.

"Neti," akasema, "ni ya kufunguliwa mchana."

Akanyoosha mkono juu, akavuta uzi.